Shajara ya mradi: pampu inayozimika maji yakiwa yanatoka

Ijumaa, 1 Agosti

Naanza kuandika leo ili nisirudie njia niliyokwisha pita. Hitilafu hii imenila wiki nzima.

Kidhibiti ninachokijenga kinaendesha pampu ya sola ya volti 24 kwenye kisima kimoja wilayani Chamwino, Dodoma. Chipu ni STM32F407, inakwenda kwa MHz 168, na juu yake kuna FreeRTOS, mfumo endeshi wa wakati halisi, wenye tiki (hatua za saa yake) 1000 kwa sekunde. Kazi ziko nne, na yenye namba kubwa ya kipaumbele hutangulia. Kazi ya pampu ina kipaumbele 5: huamka kila milisekunde 5, hupima volti na mkondo wa paneli, kisha hurekebisha PWM (mapigo ya umeme ambayo upana wake ndio nguvu ya pampu) inayotoka kwenye TIM1, mojawapo ya taima za ndani ya chipu. Kazi ya mtiririko, kipaumbele 4, huamka kila milisekunde 100 kusoma mita ya maji. Kazi ya skrini ina kipaumbele 2, na ya modemu kipaumbele 1.

Mita ya maji ni gurudumu lenye sumaku. Kila linapozunguka hutoa pigo la umeme, na mapigo hayo huhesabiwa na TIM3 yenyewe bila programu kuguswa. Maji yakitoka vizuri napata mapigo kama 12 kila milisekunde 100. Kazi ya mtiririko ikisoma sifuri mara 3 mfululizo, inaamua kisima kimekauka na kuizima pampu kwa nusu saa isije ikaungua.

Tatizo nililetewa kwa simu na mzee anayeangalia kisima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pampu imezima tena. Na maji yalikuwa yanatoka, nimeyaona kwa macho yangu. Mama wa watu ndoo yake imeishia nusu."

Inatokea mara moja au mbili kwa siku, haina saa maalumu. Nusu saa ya kusubiri, foleni ya ndoo inafika barabarani, na wengine wamekuja na watoto mgongoni. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko msimbo wenyewe.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimejenga mfano wa kisima karakana: pipa la lita 200, pampu ile ile, mita ile ile, maji yanazunguka yakirudi pipani. Umeme unatoka kwenye paneli zilizo juu ya bati. Nimeunganisha ST-LINK (kifaa kinachounganisha chipu na kompyuta), nikawasha OpenOCD na GDB (debaga, programu za kuichungulia chipu ikiwa kazini), nikaweka kituo kimoja, yaani mahali pa kuisimamisha programu, kwenye mstari wa kwanza wa zima_pampu, msimbo unaozima pampu. Nikaacha.

Saa nane mchana kituo kikanasa. Nilichokiona: masomo matatu ya mwisho ya mtiririko ni 0, 0, 0. Orodha ya kazi inaonyesha modemu iko tayari kuendelea, skrini imelala, pampu inasubiri zamu yake. Hakuna aliyeshika kitu cha mwenzake. Nikasema mita ni mbovu, nikabadilisha mita. Jioni kikanasa tena, namba zile zile.

Kabla sijasahau, nimepoteza fyuzi. Wakati nimekaa natazama namba kwenye kompyuta, chipu ilikuwa imesimama lakini TIM1 haikusimama. PWM iliendelea kutoka kwa upana ule ule wa mwisho, na kazi ya pampu, ambayo ndiyo ingepunguza, ilikuwa imegandishwa pamoja na kiini cha chipu. Wingu likapita, jua likatoka, mkondo ukapanda, nikasikia mlio mdogo na harufu ya plastiki. Fyuzi ya ampea 15 imekatika. Ingekuwa pampu kubwa zaidi, transista zingekwenda nayo.

Kuanzia leo sisimamishi chipu ikiwa pampu halisi imeunganishwa. Wengine huamuru TIM1 isimame pamoja na kiini. Hapo pia soma mwongozo wa chipu yako kwanza, maana taima ikisimama mguu ukiwa juu, unaweza kubaki juu, na familia za STM32 hazifanani kwa jambo hilo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetoa mita na pampu kabisa. Badala yake jenereta ya mapigo, 120 kwa sekunde, imara, haikatiki. Saa tano asubuhi: 0, 0, 0. Kwa hiyo mita haina kosa, waya hauna kosa. Jenereta haijakosa hata pigo moja, na programu inasema haikuona kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kituo cha zima_pampu kinanasa baada ya tukio, na mimi nataka kuona sifuri ya kwanza, si ya tatu. Jana asubuhi nikaweka kituo chenye sharti ndani ya kazi ya mtiririko, mara tu baada ya kusoma TIM3: simama ikiwa hesabu ni 0.

Siku mbili kimya. Hakuna sifuri hata moja, na pampu haijazimwa hata mara moja. Sijabadilisha msimbo. Nilichoongeza ni kituo tu.

Kesho ni Nane Nane, karakana imefungwa. Naiacha bodi ikiendelea kama ilivyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Ilipita siku nzima ya Nane Nane bila tukio. Leo asubuhi nikafuta kituo chenye sharti, nikachomoa ST-LINK, nikabonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Saa sita na robo: imezima.

Nikarudisha kituo: kimya. Nikakiondoa: jioni imezima tena. Sasa najua kituo chenyewe kinaifukuza hitilafu.

Kuna jambo jingine nimeligundua pembeni. Baada ya kuchomoa ST-LINK na kubonyeza kitufe, bodi ilikuwa bado inakula mkondo mwingi kuliko kawaida ikiwa imelala. Nikakata umeme kabisa, nikawasha upya, mkondo ukashuka. Sababu iko kwenye faili la OpenOCD la STM32F4: linapounganisha, linaandika 7 kwenye rejista (kisanduku cha mipangilio ndani ya chipu) ya 0xE0042004, yaani saa za ndani ziendelee hata chipu ikilala, na linaandika 0x1800 kwenye 0xE0042008 ili taima mbili za ulinzi, zinazoianzisha chipu upya programu ikikwama, zisimame kiini kinaposimama. Biti za rejista hiyo ya kwanza hazifutwi na kitufe cha kuanzisha upya. Zinafutwa na kukatika kwa umeme. Hali ni hiyo hiyo kwa biti ya C_DEBUGEN inayoiambia chipu kwamba debaga ipo.

Kwa hiyo unaweza kuchomoa waya, ukaamini unapima mfumo ulio peke yake, kumbe chipu bado inaishi kama iliyounganishwa. Na ukiwa umeacha agizo la BKPT ("simama hapa") mahali kwenye ukaguzi wako wa makosa, bodi hiyo itasimama kimya badala ya kuingia kwenye HardFault, hali ya kosa kubwa, kama itakavyofanya kule kisimani. Nimeandika kwa wino mwekundu juu ya meza: kata umeme, hesabu kumi, washa.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimeacha kutafuta hitilafu, nimempima mpimaji.

TIM5 kwenye chipu hii ina biti 32. Nimeipa hatua ya mikrosekunde 1, kwa hiyo inazunguka baada ya dakika 71 na ushei, inanitosha. TIM5 haitegemei kiini: kiini kikisimama, yenyewe inaendelea. Tiki ya FreeRTOS inatoka SysTick, na SysTick ni sehemu ya kiini: debaga ikikisimamisha, nayo inaacha kuhesabu. Nikaweka saa hizo mbili bega kwa bega.

Bila kituo chochote, saa mbili zinakwenda sawa. Kwa kituo cha kawaida ambacho hakijafikiwa, zinakwenda sawa pia. Hilo ni muhimu na watu hulichanganya. Cortex-M4 ina vilinganishi 6 vya vituo ndani ya maunzi yenyewe, na kituo cha aina hiyo hakigharimu kitu mpaka kifikiwe.

Kwa kituo chenye sharti, mambo yanageuka. Baada ya dakika 10 za TIM5, tiki ilikuwa nyuma sekunde 74.

Sharti halikaguliwi na chipu. Chipu inapewa kituo tu. Kila mara inapofika pale inasimama kabisa, ST-LINK inaipasha OpenOCD habari, OpenOCD inasoma orodha zote za kazi za FreeRTOS kupitia waya mbili za SWD ili ijue ni kazi gani inayoendeshwa, GDB inasoma kigezo, inalinganisha, inaona si 0, inaivusha chipu agizo moja, inarudisha kituo, inaamuru iendelee. Yote hayo ili kusema "si huyu, pita". Kwa meza yangu kila pito linakula kama milisekunde 14. Kazi ya mtiririko inapita hapo mara 10 kwa kila sekunde ya tiki. Zidisha, utaipata ile sekunde 74.

Kituo kinachofungwa kwa kazi moja, ule mtindo wa kuiambia GDB isimame ikiwa ni kazi namba 3 peke yake, nacho kiko hivyo hivyo. Kazi zote zinazopita kwenye msimbo huo zinasimamishwa kwanza, ndipo zinaulizwa majina.

Na ndani ya hizo milisekunde 14 kipangaji cha kazi hakihisi lolote. Kwake muda haukupita. Kazi iliyobakiza tiki 3 kuamka, bado imebakiza 3. Lakini TIM3 inahesabu mapigo, TIM1 inatoa PWM, modemu inasukuma herufi, na maji yanapanda bombani. Hapa ndipo nilipokuwa nakosea muda wote: nilidhani nimeusimamisha mfumo ili niutazame, kumbe nimesimamisha nusu yake, na nusu nyingine imeendelea mbele bila mwenzake.

Mtu anaweza kusema: toa tiki kwenye TIM6 badala ya SysTick. Nimejaribu. Taima inaendelea, ndiyo, lakini intarapti (wito wa kukatiza kinachoendelea) inayosubiri ni moja tu. Milisekunde 14 zinapita, kipangaji kinapata tiki 1. Zile 13 zimepotea.

Kutembea hatua kwa hatua ni mbali zaidi na ukweli. OpenOCD ina agizo la maskisr linaloziba intarapti wakati wa kupiga hatua, na ukiliweka on, SysTick na PendSV (intarapti inayobadilisha kazi) haziingii. Kazi yenye kipaumbele cha juu haiwezi kuikatiza ya chini hata iwe na haraka kiasi gani. Unatazama kazi moja inayotembea peke yake kwenye jengo tupu. Ukiliweka off, kila hatua unadondokea ndani ya intarapti iliyokuwa mlangoni. Kwa kukagua hesabu za kazi moja, njia ya kwanza ni nzuri na naitumia. Kwa swali la nani alimzuia nani, haina jibu.

Jumatano, 13 Agosti

Uamuzi: sisimamishi tena. Narekodi.

FreeRTOS ina makro (kipande cha msimbo chenye jina) iitwayo traceTASK_SWITCHED_IN. Kwa kawaida ni tupu. Ukiipa mwili ndani ya FreeRTOSConfig.h, inaitwa kila kazi inapopewa kichakato. Mimi nimeipa mistari mitatu: andika TIM5, andika namba ya kazi, sogeza kielekezi. Nimeongeza alama za kuomba kufuli (ruhusa ya kutumia kitu kimoja kwa zamu), kupata kufuli, kuachia kufuli, na kila somo la mita. Kila rekodi ni baiti 8, bafa ya mduara (hifadhi ambamo rekodi mpya hufuta ya zamani kabisa) ina rekodi 1024, imekaa kwenye ile RAM ya pembeni ya KB 64 inayoanzia 0x10000000, ambayo nilikuwa siitumii. Kazi ya pampu peke yake inasababisha mabadilishano kama 400 kwa sekunde, kwa hiyo bafa inabeba takriban sekunde 2 za mwisho. Zinatosha. Pampu ikizimwa na kinga ya ukavu, bafa inagandishwa na kutapikwa kwenye bandari ya mfululizo (serial).

Nalo lina gharama, siwezi kusema halina. Nimepima kwa kuinua na kushusha mguu mmoja wa chipu: chini ya nusu mikrosekunde kwa kila rekodi. Tofauti yake na milisekunde 14 si ndogo, na zaidi ya hapo gharama hii ni ile ile kila mara, na saa zote mbili zinailipa pamoja.

Nilikuwa na wazo la kuchapisha maneno kwa njia ya semihosting, nikaliacha. Kila neno pale ni agizo la BKPT linalosimamisha kiini mpaka kompyuta ijibu. Ni kituo kilichovaa nguo nyingine.

Jumamosi, 16 Agosti

Imenaswa. Saa nne na dakika kumi asubuhi, umeme umekatwa na kurudishwa, ST-LINK iko ndani ya droo.

Nanakili hapa nilivyoisoma, milisekunde zikianzia pale mkasa ulipoanza:

0: modemu inapata kufuli la flashi (kumbukumbu ya kudumu).
6: skrini inaamka, inaanza kuchora grafu ya siku nzima.
11: mtiririko inasoma 12, inaomba kufuli la flashi, inazuiwa.
398: skrini inamaliza kuchora.
441: modemu inaachia kufuli. Mtiririko inaamka papo hapo.
441: mtiririko inasoma 52.
441: mtiririko inasoma 0.
441: mtiririko inasoma 0.
441: mtiririko inasoma 0. Zima pampu.

Nilikaa nikaitazama ile mistari ya 441 muda mrefu. Masomo manne ndani ya milisekunde moja.

Mambo mawili yamekutana. La kwanza ni kufuli. Flashi inatumiwa na modemu na mtiririko, kwa sababu mtiririko huandika kumbukumbu yake kila dakika. Modemu ina kipaumbele cha chini kabisa. Ilipokuwa imeshika kufuli, skrini ikaikatiza, maana skrini iko juu yake. Mtiririko iko juu ya wote wawili lakini inasubiri kufuli, na aliyelishika hapati nafasi ya kufanya kazi kwa sababu skrini inachora. Kazi ya kipaumbele 4 imekaa nyuma ya kazi ya kipaumbele 2 isiyogusa flashi kabisa. Huku ndiko kupinduka kwa vipaumbele. Na kufuli nililitengeneza mwenyewe kwa xSemaphoreCreateBinary, ambayo hairithishi kipaumbele. Myuteksi, kufuli linalorithisha kipaumbele, ingempandisha modemu mpaka 4 kwa muda, angemaliza, skrini ingesubiri.

La pili ni vTaskDelayUntil. Kazi yangu inaitumia ili iamke kila milisekunde 100 bila kuteleza. Agizo hili linakumbuka ratiba, si saa ya sasa. Mtiririko ilipaswa kuamka 111, 211, 311 na 411, ikazuiwa mpaka 441. Ilipofunguliwa, agizo likaona zamu nne zimepita, likairuhusu ifidie zote bila kulala. Somo la kwanza likakusanya mapigo ya milisekunde 430, yaani 52. Matatu yaliyofuata hayakuwa na muda wowote wa kukusanya. Sifuri, sifuri, sifuri. Hesabu zote ni sahihi, na hukumu si sahihi, kwa sababu niliandika kana kwamba kati ya masomo mawili kuna milisekunde 100 siku zote.

Na kwa nini kituo chenye sharti kiliifukuza? Kilikuwa kimekaa palepale, baada ya kila somo. Mtiririko ilipokuwa inafidia zamu zake, kati ya somo moja na jingine GDB iliweka milisekunde 14 za kusimama. Pigo la mita linakuja kila milisekunde 8 na kitu. TIM3 haikusimama, ikapata pigo moja au mawili. Somo likawa 1 au 2, si 0. Sharti halikutimia, kinga haikuzima pampu, nami nikakaa siku tatu natazama skrini tulivu. Debaga yenyewe ndiyo iliyokuwa inampa mtuhumiwa ushahidi wa kwamba hakuwepo.

Nimekumbuka Mars Pathfinder, chombo cha NASA kilichotumwa sayari ya Mirihi. Kilitua tarehe 4 Julai 1997, kikiendeshwa na VxWorks, na baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujianzisha upya. Ilikuwa ni jambo hili hili: kazi ya chini ya hali ya hewa imeshika kufuli, kazi ya juu ya kugawa data inasubiri, za kati zinapita katikati, kazi ya kupanga ratiba inaona ile ya kugawa data haijamaliza, inaianzisha kompyuta upya. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA, waliendesha nakala ya chombo hapa duniani, urekodi wa matukio ukiwa umewashwa, mpaka mkasa ukajirudia, kisha wakatuma marekebisho ya kuwasha urithi wa kipaumbele. Huwezi kuweka kituo kwenye chombo kilicho Mirihi. Waliweza kwa sababu vyombo vya kurekodi vilikuwa tayari ndani ya programu iliyoruka. Nimeamua bafa yangu nayo itabaki ndani ya bodi zinazokwenda kisimani.

Jumanne, 19 Agosti

Sikutaka kuamini maelezo yangu mwenyewe kwa kuwa yamependeza. Nimeyafanyia jaribio.

Ikiwa ni kweli kwamba kituo kiliificha hitilafu kwa kuiacha TIM3 ihesabu, basi nikiisimamisha TIM3 pamoja na kiini, kituo kile kile kinapaswa kuiona. Biti ya 1 ya 0xE0042008 ndiyo ya TIM3. Nimeiweka, nikarudisha kituo chenye sharti neno kwa neno kama kilivyokuwa tarehe 6, jenereta ikipiga 120.

Kimenasa leo saa tisa alasiri. Hesabu ni 0, tiki iko mbele ya ratiba ya kazi kwa zaidi ya zamu mbili. Kumbe dalili ya kuchelewa ilikuwepo hata tarehe 4, kwenye kigezo ambacho sikukifungua.

Bei ya jaribio hili niiandike pia. Modemu haikusimama, nayo iliendelea kuleta herufi kwa kasi ya 115200, ambapo herufi moja inachukua mikrosekunde 87 tu. Napokea herufi kwa intarapti, kwa hiyo kila kisimamo kilimeza majibu yake na kuacha bendera ya kufurika. Siku nzima kazi ya modemu imekuwa ikijaribu upya. Ukigandisha hiki, kile kinakukimbia. Kwa swali moja lililochaguliwa vizuri inafaa.

Ijumaa, 22 Agosti

Marekebisho manne.

Kufuli la flashi sasa ni xSemaphoreCreateMutex. Semafo ya zamani, ile ya xSemaphoreCreateBinary, ilizaliwa tupu nikawa naijaza mwanzoni kwa xSemaphoreGive. Myuteksi inazaliwa ikiwa huru, kwa hiyo mstari huo nimeufuta.

Mtiririko haigusi tena flashi. Inaweka rekodi kwenye foleni, na modemu ndiyo inayoandika. Hata kwa myuteksi, kazi inayolinda pampu haina sababu ya kusubiri flashi, ambayo kufuta sekta yake moja kwa kawaida ni milisekunde 45 na mwongozo wa flashi yenyewe, W25Q, unaruhusu mpaka 400.

Grafu ya skrini inachorwa vipande vipande, safu 8 kwa kila zamu.

La nne ndilo ninalolithamini zaidi. Kila somo sasa linabeba muda wake halisi kutoka TIM5. Kinga ya ukavu haiulizi "sifuri mara ngapi", inauliza "mapigo mangapi ndani ya milisekunde ngapi", na haitoi hukumu kabla ya milisekunde 300 za kweli kupita bila pigo. Kazi ikichelewa tena kwa sababu nyingine nisiyoijua, itachelewa kugundua ukavu kidogo, lakini haitauzua.

Ili kuijaribu nimeirudisha ile grafu nzito kwa makusudi na kuifanya ichorwe kila sekunde 5. Bafa inaonyesha modemu ikipandishwa kipaumbele inapoombwa kufuli, na skrini ikisubiri. Saa 48, hakuna kuzima.

Jumamosi, 30 Agosti

Bodi ina siku 7 kisimani. Kinga imezima pampu mara moja, Jumatano saa kumi na moja jioni. Nilimpigia mzee nikijiandaa kwa habari mbaya.

"Hapana mwanangu, siku hiyo maji yalipungua kweli. Bomba lilikuwa linatema upepo."

Nimeiomba bodi initumie bafa ya tukio hilo. Masomo yanashuka 9, 6, 2, 1, 0, na muda kati yake ni milisekunde 100, 100, 100, 100. Kisha mapigo hayakuja.

Kilichobaki: kupokea herufi za modemu kwa DMA (maunzi yanayohamisha data bila kiini), ili hata siku nikilazimika kusimamisha kiini majibu yasipotee, na kuandika ukurasa mmoja kwa kijana atakayesimamia bodi za visima viwili vinavyofuata. Ukurasa huo utaanza na ile sentensi ya wino mwekundu: kata umeme, hesabu kumi, washa.